Herufi sita kwanza: "mume ameoa, mama ameumia"

Mleta mada, simama hapo hapo. Umesema mtoto ana miaka mitano, anaongea Kiswahili tu, unataka kumfundishia nyumbani, na kwamba wiki hii unalipia pakeji ya "kusoma kwa siku 30": karatasi mia mbili, wimbo wa alfabeti ya Kiingereza, na picha ya nyumba ya barafu ("igloo") kwenye herufi I. Mtoto wa Mbagala na nyumba ya barafu! Usilipe. Mwenzio nililipa laki na themanini, na kuufuta ule wimbo kichwani mwa mtoto kulichukua muda mrefu kuliko kuuingiza.

Tatizo si karatasi. Tatizo ni majina ya herufi. Kwa Kiingereza a inaitwa "ei", e inaitwa "ii", i inaitwa "ai". Sasa tazama balaa: ile "ii" anayoimba akionyeshwa e ndiyo sauti ya i yetu. Akishaimba miezi mitatu, akikutana na "kiti" anasoma "kaitai", kama jina la dawa ya mbu. Wala hajakosea, amefuata alichofundishwa. Konsonanti ndiyo kabisa: ukimwambia hii ni "em" na hii ni "ei", unganisha em-ei haraka uwezavyo, "ma" haitoki.

Hapo mtoto mwenye akili anajitafutia njia ya mkato, anakariri. Anaona picha ya ng'ombe, anasema "ng'ombe", nyumba nzima inapiga makofi, video inatumwa kwa bibi. Hakuna aliyesoma chochote. Ukitaka kujua, chukua karatasi tupu isiyo na picha, andika maneno yasiyo na maana: lemu, nubi, tasoki. Akishindwa, hajui kusoma, hata kama anamaliza kijitabu kizima cha sungura na fisi. Wauza pakeji wa kwenye makundi ya WhatsApp hawakuambii umpime hivyo, maana video ya bibi ndiyo tangazo lao.

Fanya hivi. Manila moja na maka peni. Kata kadi kumi tu: a, e, i, o, u, halafu ma, me, mi, mo, mu. Herufi ndogo, si kubwa, kwa sababu ndizo zitakazojaa kwenye kitabu. Kila irabu itaje kwa sauti yake ya Kiswahili na usiipe jina jingine. Silabi za m zivute: mmmm-a, ma. Hapo ana herufi sita na tayari anasoma mama, mimi, ua, umeme, mpaka sentensi nzima: "mume ameoa, mama ameumia." (Msinitazame hivyo, ni silabi tu zilivyokubali.)

Dakika 15 kwa siku, asubuhi baada ya uji. Tano za kurudia ya jana, kumi za leo, halafu funga hata akilia anataka tena. Akilia anataka, ujue umefunga wakati mzuri. Usiongeze konsonanti mpaka asome maneno kumi yaliyochanganywa bila kusita na bila kukutazama usoni. Watoto husoma uso wa mama kabla ya kadi, kwa hiyo kaa nyuma yake.

Baada ya m lete k: kuku, kaka, keki, kima. Kisha t: kiti, taa. Hizi hazivutiki kama m, hivyo ka na ta zisomwe nzima nzima, usimkatie "k" kisha "a". Hapa ndipo mtego wa pili unapokaa. Ukimwonyesha "mti" atasoma "mati", na "mkeka" atasoma "makeka", kwa sababu kwake m haijawahi kusimama bila irabu. Tengeneza kadi ya m peke yake, mwambie afumbe mdomo na kuguna, mm, kisha afuatishe ti. Wengi hukwama hapa wakadhani mtoto mzito. Si mzito, amekosa kadi moja.

Kisha s, n, l, b. Ukishatoa b, subiri wiki nne ndipo ulete d, maana kwa macho ya mtoto ni kitu kimoja kilichogeuzwa. Na r isikaribie mpaka l imekaa, hasa kama kilugha cha nyumbani kinazichanganya. Mb, nd, nj, ny, sh na ch kila moja ni kadi moja, usizipasue. Ng na ng' zije mwisho, siku moja, kadi mbili kando kwa kando: ngoma, ng'ombe. Mwonyeshe kile kialama kwa kidole. Dh, th na gh zinaweza kungoja.

Kiingereza aongee tu, aimbe nyimbo zote atakazo, ila herufi zake asizione mpaka asome ukurasa mzima wa Kiswahili bila kuweka kidole. Hapo atakuwa ameshajua siri yenyewe, kwamba alama inabeba sauti, na ile "ei" haitamvuruga.

Hesabu? Maharage mezani, ajumlishe na kutoa kwa mkono kabla ya tarakimu. Uliuliza na ratiba, na mama mkwe anayesema unamharibu mtoto... ratiba ni hizo dakika 15, mengine mkapike.

Na kama pakeji umeshalipia, zile karatasi nyuma ni nyeupe. Kata robo robo, andika silabi.