Kuhusu kuuza tamthilia yako

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uuze tamthilia yako jumla, upokee fedha za mwenye ukumbi na yaishe. Ngoja nikusimulie habari za Douglas Jerrold, mwandishi wa Uingereza nimpendaye sana.

Alizaliwa London mwaka 1803, baba yake akiwa mtu wa maigizo. Akiwa na miaka 10 tu aliingia jeshi la majini. Vita vya Uingereza na Napoleon wa Ufaransa vilipokwisha, nyumbani hali ilikuwa ngumu, akawa mwanagenzi kwa mchapaji, akipanga herufi za madini ya risasi moja moja, na saa za mapumziko akijisomea. Siku moja alikwenda kutazama opera ya Der Freischütz, akaandika uhakiki na kuudumbukiza kimyakimya katika sanduku la barua la mhariri wake. Kesho yake akakabidhiwa makala ayapangie herufi. Yalikuwa yake mwenyewe! Kila nikimfikiria akiokota herufi za sentensi zake, moyo wangu hufurahi.

Mwaka 1829 ikatoka tamthilia yake Black-Eyed Susan, pale ukumbi wa Surrey Theatre, London. Baharia William anampiga nahodha wake akimtetea mkewe, anahukumiwa kunyongwa, kisha inabainika kwamba alikuwa ameshaachishwa jeshi kabla ya kosa. Ukali ule wa melini Jerrold aliuona kwa macho yake. Watu walifurika usiku baada ya usiku, ukumbi ukavuna, T. P. Cooke aliyeigiza William akapata jina kubwa. Mwandishi aliambulia takriban pauni 60. Hilo linaniuma mpaka leo. Mwaka 1832 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kumlinda mtunzi, tamthilia yake isichezwe bila idhini yake.

Kilichomlisha zaidi ni magazeti. Aliandikia Punch, jarida la vichekesho na kejeli, tangu 1841, akiwatetea maskini kwa kalamu kali, na tangu 1852 akahariri gazeti la Lloyd's kwa pauni 1,000 kwa mwaka. Hata hivyo, alipofariki 1857, ilibidi mwandishi Charles Dickens na wenzake waandae maonyesho ya kuchangia familia yake.

Kwa hiyo usiuze jumla, mwanangu. Omba malipo kwa kila onyesho, hata yakiwa madogo, na safu yako gazetini usiiache. Huo mkataba usiutie sahihi kwanza, nitumie niusome.

Mama yako