Vumbi la kijivu darini

SWALI: Nyumba ya baba hapa Kirumba ni ya miaka ya 1970. Darini kuna vumbi la kijivu na vipande kama pamba. Nifagie tu? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Usifagie, ndugu. Punje za kahawia zinazosagika kirahisi na kung'aa kwa mabawa ya wadudu ni kinyesi cha popo. Cha panya hukauka kikawa kigumu. Pamba ya njano inayowasha ngozi huwa ni nyuzi za kioo. Hiyo ya kijivu ndiyo ya kuogopa. Kama paa ni la mawimbi, zito, lisiloshika sumaku, huenda ni asbesto (madini ya nyuzi laini zinazodhuru mapafu), na macho hayathibitishi. Kinachothibitisha ni hadubini ya maabara.

Ukichukua sampuli, zima feni, vaa barakoa ya FFP3, ile inayochuja vumbi laini sana (ya kitambaa ni pambo tu), nyunyizia maji yenye matone ya sabuni, chota kijiko kimoja, funga ndani ya mifuko miwili, kisha futa mahali hapo kwa kitambaa kilicholowa. Ulizia ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Ziwa, sampuli ipelekwe wapi. Fundi asikate paa hilo kwa msumeno: hapo ndipo nyuzi huruka na kuingia mapafuni.