Rais kumsamehe mwanae, inaruhusiwa?

SWALI: Shikamoo mhariri, huku mwaloni Kirumba tunabishana, eti Rais wa Marekani anaweza kumfutia mwanae kesi na mahakama ikatulia tu?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba. Anaweza kabisa, katiba yao haijakataza ndugu, ndo maana Clinton alimsamehe mdogo wake Roger siku ya mwisho ofisini 2001, Trump akamsamehe Charles Kushner, baba mkwe wa bintiye, 2020, halafu Biden aliyesema hatamsamehe mwanae Hunter akamsamehe Desemba 2024, kesi za bunduki na kodi zote kwisha (mi naona hapo damu ilizidi sheria). Ila kesi za sheria za jimbo, si za serikali kuu, hagusi. Kwetu Tanzania ibara ya 45 ya katiba inataka mtu awe kashatiwa hatiani kwanza, ingawa ndugu nako hawajakatazwa.