Msitu Asubuhi, Mikoko Alasiri: Ushauri kwa Wanairobi Waendao Arabuko-Sokoke

Makundi mengi ya marafiki wa Nairobi hupanga safari ya Watamu kwa kuangalia mwisho wa mwezi na nafasi ya treni, ilhali jambo la kwanza kuangaliwa ni kupwa na kujaa kwa bahari. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji katika pwani yetu hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa tena mnamo saa kumi alasiri, na mwendo huo ndio unaomfaa anayetaka kutembea msituni mapema kisha amalizie siku kwenye hori la Mida, mkono wa bahari wenye mikoko ulio karibu na msitu. Siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, saa hizo hugeuka, na mtu akifika Mida alasiri huwakuta ndege wametawanyika mbali topeni, hata darubini isimsaidie sana.

Laleni Watamu au Gede ili saa kumi na mbili na nusu asubuhi muwe tayari mmeingia Arabuko-Sokoke pamoja na kiongozi wa hapo. Msimwone kiongozi kuwa gharama ya ziada. Msitu huu una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, una ndovu, na bundi mdogo wa Sokoke, ambaye kimo chake ni kama sentimita 16, hulala mchana katika vichaka vya udongo mwekundu akifanana kabisa na jani kavu. Bila jicho la mwenyeji mtapita chini yake bila kujua. Kwenye mchanga mweupe hutawala miti ya mirihi, na mahali miti ilipochanganyika mtaona mbambakofi, mti ambao mbao zake zinathaminiwa sana na maseremala. Okoteni ganda lake lililoanguka mlitazame: ni gumu kama ubao, na ndani mbegu nyeusi zimejipanga kila moja na kikofia chake chekundu. Kisha lirudisheni chini.

Mnyama wa kumtafuta ni sange mwenye kiuno cha dhahabu, ambaye ni nadra kuonekana nje ya misitu ya eneo hili. Mara nyingi husikika kabla ya kuonekana, kwa mchakacho wa majani makavu anapochakura wadudu kwa pua yake ndefu. Kwa sababu hiyo nashauri kundi lisizidi watu sita, na yule rafiki asiyeweza kutembea bila spika ya muziki aombwe kwa upole aiache hotelini. (Kila kundi lina mmoja.)

Jua likipanda, nendeni kwenye magofu ya Gede, ambayo UNESCO iliyatia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Huko kuna kivuli, na mibuyu iliyosimama kati ya kuta za matumbawe ni minene kiasi kwamba marafiki kadhaa wakishikana mikono huenda wasiizunguke. Ndizi zenu zifichwe vizuri, kwani kima wa hapo hawana haya.

Mida ndiyo yenye kuhitaji subira. Fikeni saa nane na nusu hivi, pandeni daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, kisha kaeni kimya mwishoni kunakotazama hori. Chini yenu kaa madume watakuwa wakipunga gando moja kubwa, na kadiri maji yanavyopanda ndivyo ndege wanavyosukumwa kuja karibu, wakiwemo wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Kati ya Oktoba na Machi ndege wageni kutoka Ulaya na Asia huwa wengi, ingawa Januari na Februari joto ni kali kwa mtu aliyezoea baridi ya Nairobi.

Vaeni suruali ndefu, na soksi zivutwe juu yake kwa ajili ya siafu na kupe. Kila mtu abebe maji yasiyopungua lita mbili. Tiketi ya treni ya kurudi ikatwe ya kesho yake mchana, kwa kuwa stesheni ya Mombasa iko Miritini, zaidi ya kilomita 100 kutoka Watamu, na foleni ya Mtwapa haitabiriki.