Kabla hujapanga safari ya baiskeli ugenini

Safari yangu ya kwanza ya baiskeli katika nchi nisiyoijua niliipanga kwa rula. Nilipima ramani, nikaigawa njia kwa kilomita 100 kila siku, nikaandika na mahali pa kulala. Kufikia siku ya tatu mpango ule ulikuwa umekufa. Barabara iliyoonekana fupi ilipanda milima miwili, kisha upepo ukanikabili mchana kutwa, nikajikuta gizani katikati ya malori, miguu ikitetemeka. Tangu hapo kilomita nazitazama mwisho.

Anza na mwinuko. Programu nyingi za ramani huonyesha jumla ya mita utakazopanda. Kilomita 60 zenye mita 1,500 za kupanda, ukiwa na mizigo, huweza kukuchosha kuliko kilomita 110 za tambarare. Kisha uliza upepo wa msimu huo huvuma kutoka wapi. Wageni wengi huudharau, na mimi nauogopa kuliko mlima: mlima una kilele, na baada ya kilele unateremka, upepo wa mbele hauna kilele. Ukiweza, igeuze njia nzima, uanzie pale ulipotaka kumalizia. Tazama pia jua linatua saa ngapi.

Wiki ya kwanza panga nusu ya umbali unaouweza nyumbani bila mizigo. Katika kila siku saba, moja iache wazi kabisa, kwa ajili ya mvua, homa au kifaa kilichovunjika. Siku hizo zihesabu ndani ya muda wa viza yako.

Kuhusu baiskeli yenyewe, watu hubishana sana juu ya fremu. Mimi najali magurudumu. Soma namba iliyo ubavuni mwa tairi: 622 ni ya ringi ya saizi iitwayo 700C, 559 ni ya ringi ya kawaida ya inchi 26, na moja haikai kwenye nyingine. Uliza mapema ni ipi inayopatikana uendako. Ikiwa si yako, beba tairi ya akiba. Spoki hukatika zaidi gurudumu la nyuma, upande wa cheni, kwa hiyo beba nne za urefu wa upande huo pamoja na kifaa cha kufungulia sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayoshika cheni nyuma, maana bila kuyatoa spoki mpya ya upande huo haiingii. Niliwahi kuwa na spoki bila kifaa hicho, nikasukuma baiskeli nusu siku nzima.

Ukiifungasha kwa ndege, kumbuka pedali ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kufuata mishale ya saa. Betri za akiba zibaki nawe, kwenye begi la mkononi.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila anayeniuliza. Kama nchi ile huendesha upande usiouzoea, utakapochanganyikiwa si kwenye msongamano, maana huko utafuata magari. Ni asubuhi, barabara tupu, unapotoka ulikolala: mwili hurudi wenyewe upande wa nyumbani. Bandika alama kwenye usukani mahali utakapoiona kila unapopanda.

Wiki mbili kabla ya kuondoka, pakia kila kitu uendeshe siku mbili mfululizo. Ya pili ndiyo itakayokuambia ukweli juu ya siti, magoti na uzito. Ukirudi, toa mifukoni chochote ambacho hukukigusa, isipokuwa dawa, koti la mvua na vifaa vya kuziba pancha.