Kumkana mwana

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo. Mguu wa baba yako umepata nafuu. Jana kaenda shamba mwenyewe, karudi na maboga mawili na malalamiko kumi kuhusu nyani.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia. Ungenisikia nalia ungesema "basi Mama, tuyaache", na kwetu sisi mtu akishasema tuyaache, yanaachwa kweli mpaka kaburini. Uliniuliza ukiwa umeshakanyaga ngazi ya basi: "Mama, na mimi ningegeuka, ungenikana kama yule mama alivyomkana mwanawe?" Kondakta akapiga ubavu wa basi, mkaondoka. Nimebaki na swali lako wiki ya tatu sasa.

Usidhani sikuelewa kwa nini uliniwekea sinema ile Jumatatu ya Pasaka usiku. Jumapili asubuhi ulisema kichwa kinakuuma, ukabaki kitandani tukaenda ibada sisi wawili. Nimekulea miaka 31. Najua kichwa chako kinavyouma na najua kisivyouma.

Kwa vile umeme ulikatika katikati, binti wa jirani alinimalizia hiyo The Most Hated Woman in America kwenye simu yake, kisha nikamsumbua siku mbili anitafutie habari zaidi za Madalyn Murray O'Hair, yule mama wa Marekani asiyeamini Mungu ambaye sinema inamhusu. Melissa Leo kaigiza vizuri, sibishi: ule mdomo, ile sauti ya mtu aliyezoea kugombana na chumba kizima. Lakini waliotengeneza picha ile ya mwaka 2017 wameng'ang'ania kutekwa kwake, wakaipitia mbio habari ya shule. Mimi nimesimama mbele ya paredi miaka 34. Nilitaka nikae darasani.

Mwaka 1960, kule Baltimore, shule za serikali zilifungua siku kwa kusoma Biblia na Sala ya Bwana. Madalyn akafungua kesi. Mwanawe William alikuwa na miaka 14, na ndiye aliyeishi hiyo kesi shuleni kila siku, kwa matusi na kipigo cha wenzake, mama akiwa kwenye magazeti. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, ikaunganishwa na nyingine ya Pennsylvania, ya familia ya Schempp, na tarehe 17 Juni 1963 majaji wanane dhidi ya mmoja wakaamua kwamba shule ya serikali haina ruhusa kuendesha ibada ile. Mtoto hakukatazwa kusali. Hata kusoma Biblia kama kitabu cha historia na fasihi hakukukatazwa. Aliyezuiwa ni mwalimu, maana analipwa na serikali.

Kilichonishangaza ni hao akina Schempp. Walikuwa waumini, wa dhehebu la Unitarian. Kijana wao Ellery, mwaka 1956, wenzake wakisomewa Biblia, yeye alifungua Kurani akawa anaisoma kimya kimya. Nikacheka peke yangu jikoni, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilimkumbuka mtoto mmoja.

Sijawahi kukusimulia. Ulikuwa mwaka wangu wa tatu kazini. Shule karibu yote Wakristo, paredi inaanza na sala, na binti mmoja wa Kiislamu wa darasa la nne akawa anasimama macho wazi, mikono imenyooka. Siku moja nikamtoa mbele ya wote. Nikamwambia, fumba macho kama wenzako. Akafumba. Alifumba kwa nguvu, uso umekunjamana kama mtoto anayeoshwa kichwa kwa sabuni. Baada ya siku mbili baba yake akaja, akavua kofia mlangoni, akakaa, akaniuliza hali ya kazi na hali ya nyumbani, kisha akasema kwa upole kabisa: "Mwalimu, mwanangu anasali nyumbani." Akaaga. Hakunishitaki popote. Angenishitaki labda ingeniuma kidogo zaidi na ingepita haraka zaidi.

Mwalimu Nyerere, mtu wa misa asiyekosa, alituambia serikali haina dini ingawa watu wake wanazo, ndiyo maana kipindi cha dini kila mtoto huenda na wa kwao. Nililijua hilo tangu chuoni na bado nilifanya nilichofanya. Kwa hiyo kwa ile kesi, mimi niko upande wa Madalyn. (Na wimbo wetu wa Taifa ni sala tangu neno la kwanza, nao sitaki uguswe. Sikusema kwamba nina msimamo mmoja.)

Sasa yeye mwenyewe. Jarida la Life lilipomwita mwaka 1964 mwanamke anayechukiwa kuliko wote Marekani, naona alilivaa jina lile kama kitenge kipya. Alitukana, alichokoza, alizunguka na mhubiri mmoja kufanya midahalo ya kuuza tiketi, yeye akimtukana Mungu na mwenzake akimtetea, na mwisho wa siku wote wamekula. Hapo sina huruma na yeyote kati yao. Lakini alisingiziwa pia: mamilioni ya barua yalitumwa serikalini kwao kumpinga kwa madai kwamba ameomba vipindi vya dini redioni vifutwe, jambo ambalo hakulifanya. Uzushi ule ulizunguka makanisani miaka na miaka. Ukiusoma utadhani umeandikwa na shangazi yako, maana na yeye kila alfajiri lazima atutumie habari ya kutisha na maneno "sambaza kwa watu kumi".

Haya, tuje uliponishika.

Angalia, baba, swali lako umelivaa nje ndani. Kule asiyeamini alikuwa mama. Mwana ndiye aliyeokoka, mwaka 1980, baada ya pombe na ndoa kuvunjika, William yule yule wa kesi. Na mama akatangaza hadharani kwamba anamkana kabisa, sasa na siku zote, kwamba hakuna msamaha wa kibinadamu unaoweza kumfikia, na kwamba mtu angeweza kuliita jambo hilo kutoa mimba baada ya mtoto kuzaliwa.

Sehemu hiyo nilimwambia binti wa jirani airudie. Nimesikia wazazi wa hapa usharikani wakisema maneno ya ukubwa huo kwa jina la Yesu, kwa binti aliyeolewa na Mwislamu, kwa kijana aliyeacha kanisa. Nilidhani maneno yale yanatoka kwenye imani yetu, tena niliyaona kama wivu wa kidini uliozidi kipimo. Kumbe hata mtu aliyeimaliza dini yote nyumbani mwake anaweza kuyasema vile vile, neno kwa neno. Yanatoka kwa mzazi anayemwona mtoto kama bendera yake. William alikuwa bendera tangu ana miaka 14, na bendera haigeuki yenyewe.

Mwisho wao unaujua, sitaurefusha. Agosti 1995 Madalyn, mwanawe wa pili Jon Garth, na mjukuu wake Robin walitekwa kule Texas na mfanyakazi wao wa zamani, David Waters, ambaye alikuwa amewaibia dola 54,000 na Madalyn akamwanika kwenye jarida la chama chao cha wasioamini Mungu. Wakazuiwa karibu mwezi, zikanunuliwa sarafu za dhahabu za dola 500,000, kisha wakauawa. Watu wengi wakasema wametoroka na fedha. Mifupa ilipatikana mwaka 2001. Dhahabu nyingi ilikwishaibwa na wezi wengine, Waters aliila kidogo tu.

Lakini hesabu pamoja nami. Robin alikuwa binti wa William wa kumzaa; bibi alimlea na kumfanya mwanawe kisheria. Toka 1980 alipokanwa mpaka 1995 ni miaka 15. Na aliyekwenda polisi kuandikisha kwamba watu wale hawaonekani ni William, aliyekanwa, na mifupa ilipotoka ardhini aliyeizika ni yeye: mama yake, mdogo wake na binti yake, siku moja. Nimezika mama yangu na nimezika kaka yangu, kwa nyakati tofauti, kwaya ikiimba na majirani wamejaa uani. Sijui mtu anasimamaje pale.

Kwa hiyo hapana. Sitakukana. Ukiwa umeshageuka, na nadhani umeshageuka, wewe ni wangu na kitanda chako ni kile kile.

Lakini sitakudanganya kwamba haliniumi. Linauma. Nilikushika mikononi siku ya ubatizo wako, nilikufundisha Katekisimu Ndogo kwenye meza hii ninayoandikia, na siku ya kipaimara chako nilivaa gauni ambalo bado liko sandukuni. Yapo maswali nitakuuliza, na mengine nitayauliza vibaya. Univumilie kama nilivyokuvumilia ulipokuwa na miaka 16 na unajua kila kitu. Na nitaendelea kukuombea kila usiku. Hilo huwezi kunizuia, wala ile mahakama ya Marekani haikulizuia.

Baba yako usimwambie kwa simu, nakuomba. Yeye ni mzee wa kanisa, atafikiri kwanza watu watasema nini, halafu baadaye sana ndiyo atakufikiria wewe. Atafika, ila njia yake ni ndefu. Mwambie mkiwa shambani, mikono ikiwa na kazi. Asipojibu, endelea kulima. Mimi nitakuwa nimeshampikia moyo kidogo kidogo.

Desemba uje mapema kabla nauli hazijapanda. Jumapili sitakuamsha. Tutaondoka saa 12 na nusu kwenda ibada ya kwanza, na siku hizi mchungaji anahubiri mpaka watoto wanalala, kwa hiyo tutarudi na njaa. Maharage nitakuwa nimeyaloweka usiku, wewe yabandike ukiamka. Kuni kavu ziko nyuma ya banda la kuku, upande ambao mvua haipigi.

Mama yako