Maswali na majibu: Kura ya kijani tunayoisahau

Tangu chaguzi ndogo za Novemba 27, 2025 hapa Kenya maswali yamekuwa mengi. Leo nimechagua yanayohusu wabunge tu. Wengi wetu uchaguzi ni rais basi, ile karatasi ya kijani, ya mbunge, tunaitia sandukuni kwa haraka.

*Chama cha mbunge wetu kilikuwa Azimio wakati wa kampeni, kisha akaenda Kenya Kwanza. Mbona hakupoteza kiti? (Msomaji, Mandera)*

Azimio ulikuwa muungano wa Raila Odinga, Kenya Kwanza ni wa Rais William Ruto. Kifungu cha 103 cha Katiba humwondoa mbunge anayekihama chama chake. Wako hakuhama, chama chenyewe ndicho kilichovuka naye. Vyama vya UDM, PAA na Maendeleo Chap Chap vilitia saini mkataba wa Azimio kabla ya Agosti 9, 2022. Matokeo yalipotoka, vikageukia upande wa pili. Oktoba mwaka huo Spika Moses Wetang'ula akaamua kwamba Kenya Kwanza ndio walio wengi, 179 dhidi ya 157.

Februari 7, 2025 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema alikosea. Hesabu ya haki ilikuwa Azimio 171, Kenya Kwanza 165. Siku chache baadaye Spika akarudi kitini na kusema walio wengi bado ni wale wale.

Si ugomvi wa viti vya mbele huu. Walio wengi ndio wanaopanga shughuli za Bunge na kushika kamati nzito. Zaidi ya miaka miwili kamati zilikaa kwa hesabu ambayo mahakama iliikataa, na aliyepiga kura Mandera akijua anaunga mkono Azimio hakuulizwa kitu. Mimi naona muungano uliosajiliwa kabla ya kura usivunjike mpaka Bunge limalize muhula.

*Rais akichoshwa na Bunge, anaweza kulivunja?*

Hapana. Njia iliyopo ni ushauri wa Jaji Mkuu, Bunge likishindwa kutunga sheria ambazo Katiba imeagiza. David Maraga alitoa ushauri huo Septemba 2020 kuhusu sheria ya thuluthi mbili ya jinsia, kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya viti, na Bunge halikuvunjwa.

*Je, ni kweli Katiba inasema uchaguzi mdogo ufanywe ndani ya siku 90? Mbona wengine walingoja miaka? (Msomaji, Malindi)*

Ni kweli, ni Kifungu cha 101. Mbunge wa Banisa alifariki Machi 2023, na watu wake wakapiga kura tena Novemba 2025. Hesabu mwenyewe: miaka miwili na miezi minane. Ugunja nao walikaa bila mbunge tangu Opiyo Wandayi alipoingia Baraza la Mawaziri Agosti 2024.

Sababu ni kwamba Tume ya Uchaguzi haikuwa na makamishna. Wafula Chebukati na wenzake wawili walimaliza muda wao Januari 2023, na wale wanne waliotofautiana naye kuhusu matokeo ya urais nao wakatoka. Wanasiasa wakavutana juu ya jopo la uteuzi, kesi zikafuata, na mwenyekiti mpya Erastus Ethekon akaapishwa Julai 2025.

Juni 25, 2024, Mswada wa Fedha ulipopita kwa kura 195 dhidi ya 106 huku vijana wakipigwa risasi nje ya Bunge, Banisa haikuwa na mtu wa kusema ndiyo wala la. Jambo hili linaniuma mpaka leo. Walinyimwa haki yao na watu waliokuwa wakilipwa mshahara kuilinda.

*Tunaweza kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya 2027?*

Katiba inasema ndiyo. Vifungu vya sheria vya kutekeleza hilo viliangushwa na Mahakama Kuu 2017, na wanaotakiwa kuandika vipya ni wabunge wenyewe. Kwa hiyo usimpe pesa yeyote anayekuja na karatasi ya kukusanya saini.

*Mbunge wetu hajajenga barabara hata moja. Tumfanyeje?*

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Mbunge si mkandarasi. Muulize alivyopiga kura kuhusu kodi, na alisimama mara ngapi kumhoji waziri. Na jihadharini na atakayekuja 2027 na ahadi za basari pekee. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya NG-CDF, mfuko wa maeneobunge unaotoa basari hizo, inakiuka Katiba.

*Wakala wetu hakupewa nakala ya fomu kituoni. Tutajuaje tulichopata?*

Angalieni mlangoni. Mwaka 2022 nilikuwa nje ya darasa la shule ya msingi saa saba usiku. Fomu 34A ya urais na 35A ya ubunge zilikuwa zimebandikwa kwa selotepu, kona ya 35A imeshabanduka kwa umande. Watu walipanga foleni kupiga picha ile ya urais. Ile ya mbunge tuliipiga wawili, mimi na wakala aliyekuwa ameshika tochi kwa meno.

Kwa ubunge, matokeo yanayotangazwa eneobunge ndiyo ya mwisho, na ukitaka kuyapinga mahakamani una siku 28 tu. Agosti 10, 2027, siku ya uchaguzi mkuu, pigeni picha fomu zote sita, sahihi za mawakala zionekane, na mzitume kwa mtu aliye mbali na kituo kabla simu haijaisha chaji.